Kidonge cha Maji na Udhu wa Mzee Kondo

Siku yangu ya kwanza kliniki ya moyo, katika kituo kimoja cha afya upande wa Temeke, nilivaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, nikapokewa na benchi zima la wazee waliovimba miguu. Kila niliyemuuliza anaumwa nini alinijibu, "Uzee tu, mwanangu." Daktari mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, Mhaya mmoja wa maneno machache, alinisikia nikiitikia. "Sista," akaniambia, "uzee si ugonjwa. Waulize wanalalia mito mingapi."

Alinifundisha hivi. Umri ukienda, misuli ya moyo hukakamaa na mishipa hupoteza mnyumbuko, hivyo moyo husukuma damu kwa taabu. Hilo hutupata wote. Lakini mzee asiyeweza kulala chali bila kukosa pumzi, mpaka ajiinue kwa mito, huenda moyo wake umezidiwa na maji yanajaa mapafuni. Kidonge cha maji, kama tulivyokiita, huyatoa kwa mkojo.

Mzee Kondo wa Tandika alipewa kidonge hicho, na kila mwezi alirudi amevimba zaidi. Mwanawe alikwishakata tamaa. Alitaka kumpeleka Kisarawe kwa ndugu "akapumzike", na sote tulijua maana yake. Daktari mwingine angeongeza dozi. Wetu alivuta kiti, akakaa naye goti kwa goti.

"Shikamoo, mzee wangu. Kidonge unameza?"

"Marahaba. Nameza... siku nyingine."

"Na leo?"

Mzee akatazama chini. "Leo Ijumaa, daktari. Nikimeza kile kidudu, udhu haukai. Imamu hajamaliza hotuba, mie nishatoka mbio msalani. Miaka yote nasimama safu ya mbele, leo niwe wa kuruka magoti ya watu?"

Nilibana kicheko. Daktari hakucheka hata kidogo. Yeye, Mkristo wa bara, alimuuliza saa za sala zote tano, akafikiri kidogo. "Basi meza ukishaswali alfajiri. Adhuhuri ikifika, mkojo utakuwa umetulia. Ijumaa pia."

Miguu ikaanza kunywea, na habari za Kisarawe hazikutajwa tena.

Sasa nimestaafu, naishi Mbweni kwa binti yangu, na wauguzi vijana hunitembelea. Nawaambia vipimo vya siku hizi ni vizuri mno, wavitumie. Ila yule daktari nilimpenda kwa dhati, kwa sababu alitaka kujua mgonjwa anaishije kabla ya kumlaumu. Moyo wa Mzee Kondo haukupona. Moyo uliochoka namna ile haurudi ujanani. Alifariki miaka kadhaa baadaye, nyumbani kwake Tandika. Tulipokwenda msibani, mwanawe aliushika mkono wa daktari, asiuachie.

"Ijumaa iliyopita," akamwambia, "nilimkuta msikitini keshafika, kakaa safu ya mbele."