Fundi wa Kukata Vichwa

Kwa miaka thelathini na moja Fundi amewatazama watu kuanzia shingoni kwenda chini. Si dharau, ni kazi. Mtu akiingia katika kile chumba chake cha mbele, chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni, kabla hajaketi Fundi ameshajua upana wa mabega, bega lipi limelala, na tumbo limeongezeka kiasi gani tangu nguo ya mwisho. Sura anaweza asiikumbuke kabisa. Akisalimiwa njiani hutabasamu, hujibu kwa adabu, na moyoni hujiuliza huyu ni nani. Mpaka mtu ageuke aende zake, auone mgongo, ndipo aseme, kumbe ni yule wa blauzi ya kijani.

Kwa hiyo siku ile kaka yao mkubwa, anayefanya kazi mbali, alipokuja baada ya miaka tisa, na watoto wote watano wa mama yao wakawa chini ya paa moja, Fundi ndiye mtu wa mwisho aliyefaa kupewa simu apige picha. Wakampa. Akawapanga mstari, akamnyoosha huyu kola, akamvuta yule pindo la sketi, akapiga. Kaka akapanda basi akaondoka. Baadaye walipoifungua picha, nguo zilikuwa zimetoka vizuri ajabu, hata mishono unaweza kuihesabu. Vichwa havikuwemo hata kimoja.

Mdogo wake wa mwisho alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo hakumwita dada tena, alimwita Mchinjaji. Mama yao, mwenye miaka themanini na minne, aliyekuwa akiishi na Fundi katika chumba cha nyuma, hakucheka wala hakulaumu. Aliomba picha ichapishwe, akaiweka kando ya kitanda. Mgeni akija, alimwonyesha kwa kidole: "Huyu wa shati la mistari ni mwanangu wa kwanza. Na wengine hawa, nawajua kwa nguo."

Maneno hayo yalimchoma Fundi kuliko sindano, naye sindano anaijua. Ya cherehani iliwahi kumpitia katikati ya ukucha wa gumba la kulia, na ukucha ukaota upya umegawanyika mara mbili kama kwato ya mbuzi. Macho ya mama yalikuwa yakififia mwezi hata mwezi. Daktari alishasema wazi kwamba ukungu ule wa machoni haurudi nyuma. Basi kaka alipopiga simu kusema atapita tena baada ya miezi mitatu, nusu siku tu, ndugu wakataka aitwe mpiga picha wa kulipwa. Mama akakataa.

"Atapiga huyu huyu," alisema. "Aliyeshona vibaya ndiye anayefumua."

Fundi aliona haya kumsumbua Mungu kwa habari za simu, na huku wagonjwa wamejaa wodini. Lakini kila alfajiri, mwisho wa sala yake, alichomeka na hilo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni huku akiomba radhi. Kisha akajiwekea sharti: kila siku, kabla ya kugusa cherehani, picha moja.

Wiki ya kwanza alipiga birika. Alidhani birika, kwa kuwa halina kichwa, halikatiki. Akalikata mdomo. Kesho yake akapata mdomo, akakosa mkono. Siku ya tatu ilitoka giza tupu, maana gumba lilikuwa limeziba jicho la kamera. Gumba hilo lilikuwa mtihani. Lilijitokeza pembeni mwa kila picha kama jirani aliyesikia sahani zinagongana.

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyemkuta amechuchumaa mbele ya birika, akamuuliza kama linaumwa. Alipoelezwa kisa chote, aliomba azione picha zote, akazitazama moja moja.

"Dada, wewe mtu unaanza kumtazama wapi?"

"Shingoni."

"Basi ugonjwa ndio huo. Mimi naanzia utosini, nikifika kidevuni nimemaliza. Mteja wangu akija hana suruali, mimi sina habari."

Akamkaribisha awe anapiga wateja wake wakiwa kitini. Mtu aliyefungwa shuka la kinyozi mpaka shingoni hana kola, hana pindo, hana kitu cha kumpoteza fundi cherehani. Fundi akaenda, lakini akaongeza na ujuzi wake mwenyewe: alifunga uzi mweusi kuzunguka simu, karibu na juu, ili ajue kichwa kisivuke hapo. Hakufikiri kwamba uzi unaopita mbele unapita na nyuma. Siku tatu mfululizo wateja walitoka na mstari mweusi puani. Kinyozi akasema ni hatua hiyo, sasa ameacha kuchinja, anaweka tu alama ya pa kukatia.

Uzi ukatolewa. Polepole, picha moja kwa siku, Fundi akajifunza kugeuza kiti kielekee mlangoni, mwanga umwangukie mtu usoni. Akajifunza kwamba mtu akiambiwa anapigwa picha hukakamaa, na ukimngoja bila kusema kitu, hushusha pumzi, uso ukamrudia. Wiki ya saba alimpiga mzee mmoja ambaye amemshonea suruali tangu ujana wake, akaona ana kishimo shavuni. Alirudi cherehanini ameduwaa. Miaka yote hiyo kishimo kilikuwa pale pale.

Siku ikafika. Kaka aliingia asubuhi, basi lake saa sita. Mama akakalishwa kwenye mwanga wa mlango, wanawe wanne nyuma yake. Kola ya kaka ilikuwa imepinda. Aliiona, ikamwasha, akaiacha. Akahesabu vichwa: vitano. Mama alikuwa amefumba macho, kama kawaida yake. Fundi akangoja. Kaka akainama akamnong'oneza mama jambo, mama akainua uso akicheka, na wote wakacheka naye. Akabonyeza.

Mdogo wake akaipokea simu, akahesabu mara mbili. Vichwa vitano, macho kumi, yote wazi. Kisha akaguna.

"Mchinjaji, hiki nini?"

Pembeni, chini kulia, kulikuwa na kitu kikubwa cha kahawia chenye ukucha uliogawanyika. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Akawaomba warudi wakae, kaka akatazama saa. Mama akanyoosha mkono, akapewa simu, akaisogeza mpaka karibu iguse pua. Alizipitia sura moja moja, bila haraka, akitaja mzaliwa wa ngapi. Akafika pembeni.

"Na huyu ndiye wa tatu," alisema. "Msimfute. Wanangu wote watano wamo."

Picha hiyo sasa iko kando ya kitanda. Mgeni akija, mama humwonyesha kila mmoja kwa sura yake, na mwisho hugonga ile pembe kwa kidole: "Huyu ni fundi wangu. Namjua kwa ukucha."

Alfajiri iliyofuata siku ile ya picha Fundi alisali, akashukuru, akapiga birika. Mdomo ulikuwemo. Mfuniko haukuwemo.