Harufu Iliyomliza Jorunn

Hapa Svolvær, mji wetu wa wavuvi kaskazini ya mbali, Jorunn Fagerli alijulikana kwa pua yake. Alikuwa mkemia katika maabara ya kupimia mafuta ya samaki, yale ya chupa na yale ya vidonge laini tunavyomeza majira yote ya baridi. Mashine zilieleza mafuta yametoka kwa samaki gani, yana omega-tatu kiasi gani, na kama kuna mjanja aliyeyachanganya na mafuta ya mimea. Baada ya hapo jopo la waonjaji lilikaa mezani, na Jorunn ndiye aliyeliongoza. Akinusa glasi mara moja, alijua kama mafuta ni mapya au yameanza kuchacha.

Vuli moja akashikwa na mafua makali. Alipopona, hakusikia tena harufu ya kitu chochote, hata siki. Akatoka kwenye jopo, akabaki na mashine. Hakulalamika, ila tuliomzoea tuliona amepoa. Mumewe Oddleiv, fundi wa mashua, alimtania kwamba sasa hana sababu ya kumkimbia akirudi na fulana ya jasho. Jorunn akacheka, kisha akaenda kulia bafuni. Oddleiv alimsikia. Tangu hapo, kwa ushauri wa daktari ambaye hata hivyo hakuahidi kitu, kila asubuhi alimpangia mezani vichupa vya karafuu, limau, kahawa na ile lami yake ya kuzibia mashua, akamsimamia anuse kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Majira ya baridi yaliyofuata, chama cha kutetea wanunuzi kilileta makopo ya vidonge kutoka madukani, kikitaka kujua ubora wake. Kopo moja lilikuwa la ladha ya limau. Mashine ilishasema muundo wa mafuta yake ni sawa na yaliyoandikwa kwenye kibandiko. Jorunn alikuwa akitoboa kidonge cha kopo hilo kwa sindano, akitaka kupima kama mafuta yamechacha, pua yake ikachomwa na kitu.

Akamwita Synnøve, mkemia mwenzake.

"Hebu nusa hiki."

"Limau," akasema Synnøve.

"Chini ya limau."

Synnøve akainama tena, akakunja uso. "Kama rangi ya ukuta iliyosahauliwa stoo. Wewe umejuaje?"

"Sijui kama nimejua. Labda nimeota tu."

Synnøve akamgeuza aangalie dirishani, akamimina mafuta kwenye glasi kadhaa, mabaya katika moja tu. Jorunn akazinusa zote, akaitoa ile mbaya. Akasema ni bahati, glasi zichanganywe upya. Zikachanganywa, akaitoa tena. Akataka zichanganywe mara nyingine.

"Unataka ushahidi gani tena, dada?" Synnøve akamwambia. "Barua ya mfalme?"

Mkuu wa maabara alipoingia aliwakuta wamekumbatiana, chumba kizima kikinuka. Akauliza kwa wasiwasi matokeo yakoje.

"Mabaya," Jorunn akajibu, machozi yakimtiririka. "Mabaya kabisa. Yananuka vibaya ajabu."

Mkuu hakuelewa mpaka Synnøve alipomweleza. Alipoelewa, akaomba naye anusishwe. Alasiri vipimo vikathibitisha kwamba mafuta yale yamechacha, limau iliwekwa kuyafunika tu, na baadaye makopo yakaondolewa madukani.

Jioni Oddleiv alikuwa jikoni akichemsha chewa wa baharini kwa ini na mayai yake. Jorunn akapita sufuria bila kusikia chochote, akazamisha uso shingoni mwa mumewe.

"Unanuka lami," akasema.

"Nimeoga," Oddleiv akajitetea, kisha akaelewa. Akaketi, mwiko mkononi, na ini likaungua.

Harufu zilirudi moja moja, tena kwa fujo. Mpaka kiangazi kahawa ilimnukia kama mpira unaoungua, na Oddleiv akawa anainywea nje kwenye baridi. Vuli iliyofuata Jorunn akafanya mtihani wa jopo kama mgeni yeyote, akafaulu.

Siku ya kwanza mezani, glasi yake haikumpa harufu yoyote. Hofu ikamshika. Akaiacha, akanywa maji, akairudia taratibu. Kwa mbali sana kulikuwa na kitu kama jani lililokatwa, na bahari nyuma yake.

"Haya ni mapya," akasema, na waonjaji wenzake wakaitikia.

Synnøve, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaenda kuoka mikate myembamba ya vishimo kwenye chuma cha moto, akakata na jibini ya kahawia ya huku kwetu, wakala kusherehekea kabla ya glasi ya pili.