Nilimchagulia Biira Mashine Mbovu

Nilikosa mimi. Naanza na hilo kabla hamjanitafutia sababu, maana nikiachiwa nafasi nitajitetea, na kwa kujitetea mimi ni hodari kuliko hata kwa kuuza.

Nina duka la vitu vilivyotumika hapa Kasese: pasi, redio, feni, majiko ya umeme. Huku Mwislamu akishakuwa na duka anaitwa Hajji, hata kama Makka anaijua kwenye kalenda tu. Basi mimi ni Hajji. Mlango wa pili kuna saluni ya mwanamke nitakayemwita Biira, Mkristo, Mkonzo wa Bugoye. Binti zangu wote aliwasuka yeye tangu nywele zao hazijashikika vizuri. Mikono yake, jamani! Wanawake walikuwa wanatoka Kitswamba kuja kukaa nusu siku kwenye kiti chake, na hakuna aliyelalamika.

Ilikuwa miaka ile WhatsApp ndiyo kwanza inaingia mtaani. Nilikwenda Bwera, mpakani, siku ya soko kutafuta friji, nikakutana na Mkongomani anauza vitu vya wazungu waliofunga ofisi yao ng'ambo ya mpaka. Friji hakuwa nayo. Alikuwa na mashine mbili za espreso, zile ndogo za nyumbani. Moja ya rangi ya fedha, imechubuka ubavuni. Nyingine nyekundu, inang'aa utadhani haijawahi kuguswa.

"Patron, ile ya kuchubuka iko bien kabisa," aliniambia. "Lakini hii ya rouge, angalia mukono yake. Mara ingine inatoka."

Mnasikia? Mtu wa sokoni, asiyenijua, aliniambia ukweli. Nikazinunua zote mbili.

Mashine hizi zina kikombe cha chuma chenye mpini. Unajaza unga wa kahawa, unaushindilia, unakipachika juu na kukikaza kwa kuzungusha mpini, kisha maji ya moto yanasukumwa humo kwa nguvu. Ile nyekundu, meno yanayoshika mpini yalikuwa yamelika. Nilipoijaribu dukani, mke wangu akiwa ananitazama, mpini ulichomoka, maji na machicha yakapiga ukuta. Mungu alinisitiri, nilikuwa nimesimama pembeni. Nikabadilisha mpira wa kuzuia maji, nikajaribu mara tatu, ukashika. Nikasema imepona. Sikuamini, lakini nilisema.

Ile ya fedha niliiweka kwenye kaunta, nikawa najitengenezea kila asubuhi. Lo, kahawa ile! Sisi huku tunaishi katikati ya mibuni, tunachuma, tunaanika, tunajaza magunia yanakwenda zake, halafu tunakaa kunywa chai. Mtu mzima mimi, ndiyo kwanza naonja kitu cha nyumbani. Nikaipenda vibaya.

Harufu ndiyo iliyomleta Biira.

"Hajji, kahawa yako inasumbua wateja yangu," alisema huku anacheka. "Na mimi nataka mashini. Wanawake wanakaa kwangu muda murefu, watakunywa. Kahawa ya mama iko mingi huko Bugoye."

Nikamwekea mashine zote mbili mbele yake. Akazizunguka, akaigusa ile ya fedha, akaondoa mkono.

"Mimi sijui hizi vitu. Wewe ndiyo unajua. Nichagulie ile iko muzuri, Hajji wangu."

Hapo ndipo nilipopotea. Mteja akichagua mwenyewe, sisi wafanyabiashara tunajisemea kwamba kosa ni la macho yake. Lakini akikwambia umchagulie, amekukabidhi amana. Hilo nilifundishwa na baba yangu nikiwa mdogo, tena kwa kofi. Na bado niliisukuma ile nyekundu mbele yake.

"Chukua hii," nikamwambia. "Ile nyingine imezeeka."

Wala haikuwa tamaa ya faida! Sikutaka tu kuachana na kahawa yangu ya asubuhi. Kwa ajili ya kikombe! Nikampunguzia na bei, akanishukuru, akaondoka anaimba.

Siku za kwanza ilifanya kazi. Nikaanza kupumua.

Halafu asubuhi moja nikasikia kishindo, na baada yake ukelele. Nilipofika, mpini ulikuwa chini na Biira amekaa sakafuni, ameunyoosha mkono wa kulia mbele yake kana kwamba si wake. Kumbe alikuwa ameuona mpini unatetemeka, akaushika ili kuuzuia, ukamchomokea na maji ya moto.

"Hajji, mukono! Mukono yangu!"

Nilimpeleka hospitali kwa gari langu. Watu wakanisifu kwa ujirani mwema. Mchana ule ule, yeye akiwa bado kitandani, nilirudi saluni, nikaibeba ile mashine, nikaipeleka kwa mtu wa vyuma chakavu, nikasimama pale mpaka akaiponda yote.

Nilimwambia Biira nimeiondoa ili asiumie kuiona. Akalia. Akanishukuru!

"Mungu akubariki, Hajji. Ni mimi sikuikaza vizuri. Nilikuwa naongea na mteja."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Kilichotoka ni, "Pole sana, dada yangu."

Jeraha lilipona, ila vidole viwili havikunji tena. Alijaribu kusuka. Alimwita binti yangu mkubwa, akamsuka mistari ikaenda upande, akafumua, akasuka tena, akafumua. Mwisho akamwambia, "Nenda kwa wengine, mwanangu." Mtoto alirudi nyumbani nusu ya kichwa imesukwa, analia. Mke wangu akaniangalia. Hajanisema hata siku moja, na mimi ningependa anitukane.

Nikampelekea Biira ile mashine ya fedha, bure. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Hapana, Hajji. Mimi hapana weza. Mikono yangu iko na uzembe."

Nikairudisha dukani. Imejaa vumbi. Siwezi kuiuza, na kunywea siwezi.

Mara tatu nimekwenda kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta na wateja. Mara ya pili alikuwa anacheka, na kucheka kwake kumekuwa adimu, nikaogopa kumkatiza. Mara ya tatu alinimiminia chai kwa mkono wa kushoto, ikamwagika kidogo kwenye sahani, akaomba radhi. Akaniomba radhi mimi! Nikainywa ile chai, nikatoka.

Siku hizi amemwajiri mama mmoja wa Kitswamba, ndiye anayesuka, yeye anaelekeza kwa mdomo. Wiki iliyopita nilikuwa mlangoni pao nikamwona yule mama amenyanyua birika la maji yanayochemka. Biira akamshika bega.

"Angalia vizuri. Usikuwe muzembe kama mimi. Mimi nilijiharibu mwenyewe."

Nilisimama hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake. Nikasema jioni njema, na jua lilikuwa utosini.

Nyinyi mnaouza, nawasihi, mtu akikuamini akakwambia umchagulie, mwonyeshe kila ufa. Na kama umeshakosa, sema siku ile ile, akutukane, akupeleke polisi, potelea mbali! Usingoje apoe. Akishapoa atatafuta wa kumlaumu, na akiwa mtu mwema kama huyu atajilaumu yeye.

Mdomo wangu umenishinda, ndiyo maana naandika. Biira, najua pale saluni huwa mnasomeana kurasa hizi za gazeti kwa sauti. Wakifika hapa utakuwa umeshanijua. Mpini ule ulikuwa umechomoka kwangu kabla sijakuuzia. Wewe uliukaza vizuri, dada yangu. Uliukaza vizuri.