Kapo la Buluu na Mikate ya Mama Ngoie

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa rangi. Karakana ya mgodi hapa Kolwezi ilijaa malori ambayo magurudumu yake yalinipita kimo, nami nilikuwa kijana aliyetoka shule ya ufundi na kichwa kikubwa. Shefu wa karakana, mzee mfupi mwenye sauti ya chini, alinipa msasa na ndoo ya maji, akanionyesha mlango wa lori. Niliusugua hadi adhuhuri. Alipokuja kukagua, hata hakuutazama.

“Petit, mutoto, funga macho,” aliniambia. “Pitisha mukono polepole. Unasikia nini?”

“Sisikie kitu, Shefu.”

“Basi endelea kusugua. Siku mukono yako itaanza kusikia, njo nitakupa pistole.”

Pistole ndicho kifaa cha kupulizia rangi. Niliisubiri miezi minane, na sikuona haya kumnunia mzee wa watu miezi yote hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Fungurume. Huko kontremetre wetu, yaani msimamizi wa zamu, alikuwa mkali kupindukia. Alitufundisha kwamba adui wa rangi ni mafuta. Ukipaka juu ya bati lenye mafuta kidogo tu, rangi inakimbia na kuacha vishimo vidogo tulivyoviita krateri. Kwa hiyo alipiga marufuku mikate ya kukaanga karakanani, na kila asubuhi alinusa vidole vyetu kama mama anayeshuku mtoto ameiba sukari. Tulimcheka akigeuka. Nilipokuwa shefu mwenyewe, kwenye karakana ya Kingamyambo, nilinusa vidole vya watu hadi nilipostaafu.

Miaka yote hiyo mke wangu, Mama Ngoie, hakuwahi kuingia mahali nilipofanyia kazi. Alifua ovaroli zangu na kusikiliza hadithi zangu za jioni, basi. Nilidhani kazi ni yangu na nyumba ni yake, na sikuliwaza jambo hilo mara mbili.

Uani kwetu kuna gari dogo la Kifaransa ambalo baba mkwe alilitumia kutupeleka kanisani siku ya ndoa. Lilikuwa la buluu ya anga. Jua lililipausha na kutu ikalila, nami kila mwaka nilimwahidi Mama Ngoie nitalipaka. Nilipaka malori ya kampuni yasiyohesabika, gari lake likasubiri. Mwaka huu paroko akatangaza yubile yetu ya miaka hamsini ya ndoa. Mama Ngoie hakuniomba kitu. Alisema tu kwamba angependa kufika kanisani ndani ya gari lile, likiwa buluu yake ileile. Nikaona kwamba nisipotimiza safari hii, sitatimiza tena.

Binti yetu alinitumia mashine ya turbini, inayosukuma hewa ya pistole. Kompresa za zamani zilisukuma hewa kwa nguvu, nusu ya rangi ikaruka kama ukungu hadi kwa jirani. Turbini ni ndogo kama ndoo, bomba lake ni nene, na inatoa hewa nyingi lakini ya polepole, tena yenye joto. Kwa sababu ya joto hilo rangi hutaka kukauka kabla haijalala vizuri, hivyo unaongeza kiyeyusho kinachokauka taratibu na kusogeza pistole karibu, shubiri moja hivi. Nililijua hilo baada ya kuharibu mabati mawili ya majaribio. Mzee naye hujifunza.

Alhamisi, alfajiri, kabla malori ya mawe hayajaanza kutimua vumbi jekundu, nilimwagia ua maji, nikafunga barakoa, nikapaka milango na paa. Vikatoka safi. Ijumaa nikapaka kapo, kifuniko cha injini. Nikaiweka turbini mbali na gari ili isivute rangi yake yenyewe, nyuma ya jiko, ambako hewa ilionekana safi. Upande wa pili wa ukuta Mama Ngoie alikuwa ameinjika sufuria ya mafuta, anakaanga mikate ya wageni wa Jumapili. Nilisikia harufu, nikafurahi hata njaa ikaniuma. Haikunijia akilini kwamba turbini inanusa pia, na inachovuta inakipuliza.

Kapo likajaa krateri. Mimi niliyenusa vidole vya watu maisha yangu yote.

Mama Ngoie alikuja na kikombe cha chai, akanikuta nimekaa juu ya ndoo.

“Tata Ngoie, kuko nini?” aliniuliza.

“Rangi ni mubaya. Banatuuzisha bitu ya bule,” nikawasingizia wauza rangi.

Alitazama kapo, akaitazama turbini, akageukia jiko lake. “Usiniambie bongo, usinidanganye,” alisema. “Ni mafuta yangu. Miaka yote ulikuwa unanielezea ile kontremetre wa Fungurume, unawaza sikukuwa nasikia?”

“Miye njo nilitia mashini pale. Kosa ni yangu, mama.”

“Sawa, ni yako,” alisema, akaenda kuepua sufuria. Donge la unga lililobaki akalipeleka kukaangwa kwa jirani. Aliporudi alikuwa amekunja mikono ya gauni. “Nipe ile msasa.”

Nilitaka kukataa. Ukweli ni kwamba macho yangu hayafai tena kwa krateri ndogo, na sikuwa nimemwambia mtu. Rangi ilipokauka mchana, tulisugua kwa maji, yeye upande wake, mimi wangu. Kisha akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya kapo bila mimi kumwambia.

“Apa kuko kashimo. Na apa.”

Nilipasugua. Akapita tena, akapata kingine. Mkono uliogeuza bukari, ugali wetu, na kupapasa matumbo ya watoto sita ulisikia kuliko wangu, na nilipomtazama moyo uliniuma kwa miaka niliyomwacha nje ya mlango. Nikamwambia hivyo. Akajibu kwamba nisugue, jua linazama.

Jumamosi alfajiri tulisafisha mafuta kwa dawa, nikahamishia turbini kwenye uzio wa mbele, nikapaka. Kapo likalala laini.

Vijana mnaoniuliza siri ya kazi hii, mimi ningewaeleza habari za hewa, joto na kiyeyusho, na yote yana maana. Ila sasa nasikitika kwamba nilistaafu kabla ya kumwonyesha mke wangu kazi yangu hata siku moja.

Jumapili, mbele ya kanisa, paroko alilizunguka gari, akaniuliza ni fundi gani aliyelipaka. Kwa miaka arobaini swali hilo nimelijibu kwa neno moja, “Miye”, na lilikuwa tayari mdomoni. Nikamshika Mama Ngoie mkono, ambao bado ulikuwa na buluu kwenye kucha.

“Ni huyu, Padri,” nilisema. “Miye nilimusaidia.”