Jina la Aliyepaka Ukuta

Nyumba ambayo mimi na mke wangu tulipanga vyumba vyake viwili vya uani kwa miaka ishirini na tisa sasa ni jumba la maonyesho ya sanaa. Ni ile ya zamani ya wafanyabiashara, katikati ya Bujumbura, yenye matao mbele. Sakafu wameing'arisha mpaka naogopa kuteleza. Sebuleni kwa mwenye nyumba wametundika ubao uliogundishwa kabureta tatu mbovu, na watu wanasimama mbele yake kimya kama wako msibani. Mimi nimefungua kabureta kwenye gereji za mtaa wa Buyenzi maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kunyamaza kwa ajili yangu.

Nilikwenda kwa sababu jirani aliniambia ukuta wa chumba chetu umewekewa kioo. Kweli. Walipokwangua rangi mpya walikuta kazi ya mke wangu. Kila mwaka, siku za mwisho za Ramadhani, alikoroga chokaa na buluu ya kufulia, akapaka ukuta upya. Kisha alikata shina la jani la mgomba, akalichovya kwenye rangi nyekundu na kugonga mstari kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila pigo liliacha alama ya mwezi mchanga. Kazi yangu mimi ilikuwa kumwambia mstari umepinda. Haukuwa umepinda hata kidogo.

Chini ya kioo walikuwa wamebandika karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba msanii hajulikani. Nilicheka, halafu nikachuchumaa palepale. Binti anayepokea wageni akaniletea kiti. Nikamweleza kuwa tuliishi humo, na kwamba aliyepaka ni mke wangu, tuliyemzika miaka minne iliyopita. Akafurahi, akatoa kalamu, akaniuliza jina lake. Ijumaa, akasema, karatasi zinaondolewa na kuwekwa vibao vya shaba, na kibao kikishachongwa hakibadilishwi.

"Apana, binti yangu," nikamwambia. "Jina ya bibi yangu mi sisemake mbele ya watu."

Ndivyo tulivyolelewa. Jina la mke halitupwi barabarani. Wenzangu waliwaita wake zao mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, na mambo yakaisha. Sisi Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo mimi nilikohoa. Nikifika mlangoni nakohoa, naye anajua ni mimi, anaanza kupakua. Akiwa kwa jirani, naenda kukohoa pale nje mpaka atoke. Nilijiona mtu wa heshima zangu.

Siku hizi naishi peke yangu chumba kimoja, na bado nakohoa nikifungua mlango. Kisha nasimama pale, funguo mkononi, najisikia mjinga. Watu husema mtu huzoea. Mimi sijazoea, na naona uchungu kuambiwa hivyo na watu wanaorudi kwenye nyumba zilizojaa.

Alhamisi nikarudi mjini. Binti alikuwa akiwatembeza wageni, nikamsikia akiwaambia kwamba huenda mstari ule uligongwa na fundi aliyeletwa na tajiri mwenye nyumba. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Tajiri yule hakuwahi kutununulia hata kopo la chokaa. Nikangoja wageni waondoke, nikamwita binti pembeni, nikamwambia achukue kalamu.

Nikalitaja. Lilitoka kavu, kama ninasoma barua ya mtu mwingine. Hakulisikia vizuri, akaniomba nirudie, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na jasho likanitoka. Akaliandika, akalitazama, akasema ni jina zuri sana.

"Ni hivyo ulikuwa unamwita, mzee?"

Nikamwambia apana. Tuliishi pamoja miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kulisikia kinywani mwangu.