Ukiria, Ria Vizuri

Enzi zetu kule Malinya nani alijua runinga? Fahali wakipigana asubuhi, sisi watoto tuliyarudia yote jioni: wavulana wakawa fahali, wasichana wakashangilia, na mimi nikawa yule nyanya anayekatiza uwanja akigombeza kila mtu kwa kumkanyagia mboga. Mzizi wa mukombero mdomoni, nautafuna, leso ya kukhu, bibi yangu, kiunoni. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikuwa hodari tangu hapo, sioni haya kusema.

Basi shule ikaandaa mchezo wa siku ya wazazi, na mimi nikataka kuwa malkia. Nililitamani lile taji la karatasi kuliko kuku wa Krismasi. Malkia ndiye aliyefungua mchezo kwa kusema, "Mfalme amelala, asilie mtu." Nikasimama kifua mbele, nikatamka: "Mfarume amerara, asirie mutu!"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mzaliwa wa huko huko Ikolomani, akapangusa machozi akasema, "Keti, marikia." R yake mwenyewe hakuisikia. Taji akapewa msichana aliyekulia mjini Kakamega, mimi nikapewa kikongwe anayemlilia mfalme mwishoni, bila neno hata moja.

Nililia njia nzima. Kukhu alikuwa akisonga obusuma; nikamsimulia yote, wala hakuuacha mwiko.

"Wamekupa kuria?" akauliza. "Basi ria. Lakini ukiria, ria vizuri, watu wa nyuma wasikie."

Siku ilipofika nikajipaka jivu nywele, nikamlilia yule mfalme kama kukhu alivyomlilia babu: naenda mbele, narudi nyuma, namkaripia marehemu kwa kuondoka kabla ya mahindi kuvunwa. Maneno hayo hayakuwa kwenye mchezo, yalitoka tu, na r zake zote. Akina mama wakaanza kulia kweli. Maiti mwenyewe, mtoto wa jirani, akaanza kulia. Malkia hakuna aliyemkumbuka tena.

Tangu siku hiyo sikushuka jukwaani. Nimezeeka kazini kabla sijazeeka nyumbani: mama mkwe, mchawi, mpika chang'aa, mjane wa kila aina, kwanza jukwaani, kisha kwenye runinga. Taji sijavaa hadi leo, wala silidai.

Wasichana wa siku hizi wananichekesha. Wakipewa nyanya wa Kiluhya wanageuza kila l kuwa r, basi, kazi imekwisha. Leso wanafungiwa. Kulia wanataka dawa ya macho. Nikiwapa maneno ya kukhu, wananirekodi kwa simu badala ya kulia.

Lakini liko jambo linaloniuma. Miaka ya maikrofoni imeninyoosha ulimi. Zamani nilihangaika na "lala". Sasa "rara" ndiyo ninayoifanyia mazoezi mbele ya kioo, na wa kunisahihisha hayupo tena.

Wiki jana, tukirekodi hapa mjini, nilikuwa kikongwe anayekata roho. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mama, hapo sema tu unataka kulala." Nikafumba macho, nikamwona kukhu na mwiko wake.

"Nyamazeni," nikasema, "nirare."

Ile r sikuipanga. Nilipofumbua macho, kijana wa kunasa sauti alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Enzi zile neno hilo lilininyima taji, darasa zima likicheka. Safari hii hakuna aliyecheka.