Nyumba ya Mbooni Niliyomnyima Mke Wangu kwa Maneno Mawili

Admin, naomba ufiche jina langu, mimi ni mzee wa kanisa na watu wa huku Makueni wananijua. Nina miaka sabini na minne. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu zamani. Mke wangu nitamwita Mama Ndinda. Hili jambo sijawahi kumwambia mtu, hata pasta.

Miaka ya themanini tulikuwa tumepanga chumba kimoja sokoni, huku Mbooni. Kabla ya hapo nilikuwa nimekopa pesa za sacco ya walimu nikafungua duka na rafiki. Ukame ukaja, duka likafa, rafiki akaenda zake. Nikaacha kulipa, hata barua zao nikawa sifungui.

Sasa kukawa na mjane mmoja, Mama Syombua, alikuwa anahamia kwa kijana wake huko Kambu na anauza nyumba yake. Vyumba vitatu vya mawe, mabati mazuri, tangi la maji, michungwa nyuma. Nikaenda sacco kuomba mkopo. Karani akafungua faili akanitazama. "Mwalimu, jina lako hapa ni bovu. Maliza deni la kwanza, halafu ndio uje tuongee habari ya nyumba."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekufa moyo. Mama Ndinda alikuwa anachambua maharagwe. Akaniambia, "Jina si kibuyu, ati likioza unatupa. Tutalisafisha."

Na kweli alilisafisha yeye kuliko mimi. Ndama aliyepewa na baba yake akamuuza. Alisuka vikapu vya vyondo mpaka vidole vikapasuka, anashuka navyo milima ile kwa miguu, anapanda gari hadi Kambu kuviuza barabarani kwa wasafiri wa Mombasa. Miaka mitatu hakununua nguo. Mama Syombua naye alimwahidi, "Mwanangu, hata mtu akija na pesa mkononi nitamwambia hii nyumba iko na wenyewe." Na alingoja. Siku tulipopewa barua kwamba deni limeisha, Mama Ndinda alienda kwa ile nyumba akapima madirisha na leso yake, akaanza kushona mapazia.

Sacco wakakubali. Siku pesa zilipotoka, kabla sijafika nyumbani, nilikutana na ndugu yangu mdogo. Alikuwa ananunua mbuzi Tseikuru na kuwauza Nairobi. Akaniambia, "Kaka, kuna wafugaji wanataka kuuza haraka, nyasi zimeisha. Nipe hizo kwa mwezi mmoja tu. Utanunua nyumba na ng'ombe juu yake."

Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa. Nafikiri nilitaka kuja nyumbani na kitu kikubwa kuliko kile mke wangu alichofanya. Hao mbuzi walishikwa na ugonjwa wa mapafu, hata nusu hawakufika sokoni. Ndugu yangu alilia mbele yangu kama mtoto. Ningemfanya nini?

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Nilimwambia Mama Ndinda, "Sacco walichelewa, na yule mama ameuzia mtu mwingine." Halafu nikaenda kwa Mama Syombua nikamwambia, "Mke wangu amebadilisha nia. Anasema hiyo nyumba yako imezeeka, haitaki." Yule mama akauliza, "Ni yeye amesema hivyo? Huyu niliyemngojea miaka mitatu?" Nikasema ndio. Mke wangu alikuwa ameapa hatakanyaga kwake tena, na mwezi uliofuata yule mama akauza.

Mkopo niliendelea kukatwa kwa mshahara na mke wangu hajui. Chumba cha sokoni kikatushinda, tukahamia kwa mama yangu. Mama hakuwahi kumpenda. Alitupatia jiko la zamani tulale humo, akawa anamwambia mke wangu mbele ya wageni, "Mwanamke wa miaka hii yote na hana hata mlango wake."  Yale mapazia Mama Ndinda alimpa dada yake.

Tulizeeka hapo, na mama yangu alikufa mke wangu akiwa ndiye anamwosha na kumlisha. Lakini Mama Syombua, huyo mke wangu alikataa kumsamehe. Wakikutana kwa mazishi au harambee anapita kama hamwoni, na Mama Syombua naye anageuka. Mke wangu husema, "Huyo aliuza nyumba yangu akinitazama machoni." Mimi niko hapo nimesimama na kofia mkononi.

Sasa Mama Ndinda ni mgonjwa, moyo umechoka, daktari ametuambia tumpeleke nyumbani. Jumapili iliyopita baada ya ibada aliniomba nimshike mkono tuombe. Akasema, "Mungu, niondolee chuki ya yule mwanamke kabla sijafika kwako, kwa sababu nimejaribu na nimeshindwa." Alilia sana. Alipomaliza alingoja niitikie.

Nilisema Amina.

Juzi kijana wa Mama Syombua alinipigia simu. Mama yake ni mzee sana, haoni vizuri, lakini amesikia habari za ugonjwa na anataka aletwe Jumamosi. Anasema hataki kufa kabla ya kumuuliza mke wangu yeye alimkosea nini.

Nikisema ukweli, naogopa moyo wa mke wangu utasimama, na kitu cha mwisho atakachojua duniani ni kwamba alimchukia mtu bure na akampikia mkosaji miaka yote hiyo. Nikinyamaza, hao wanawake wawili wataulizana wenyewe, nikiwa nimeketi hapo kando.

Nyinyi akina mama mnaosoma hapa, nawaomba msinihurumie. Ingekuwa ni wewe uko kwa hicho kitanda, ungetaka kuambiwa? Nijibuni kabla ya Jumamosi.